Ua la Arobaini na Mbili

Sitawachosha na njia. Nilifika Uvindo na mikeka mitatu kichwani, nimetumwa na mama kwa mteja wake wa zamani, na nilipoulizia nyumba yake nikaambiwa alihama mwaka juzi. Ndivyo nilivyokaa katika nchi ile siku tisa, ingawa nilifika bila kujuana na mtu. Nami ni mtu ambaye hata dukani nasubiri wengine wamalize, ndipo niseme ninachotaka. Nayaandika haya kwa sababu kila niliyejaribu kumsimulia kwa mdomo ameniangalia kama mgonjwa. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nitaandika ninavyoweza: jambo moja, kisha linalofuata.

Uvindo ni nchi ya makorongo. Mito imeipasua milima mpaka chini kabisa, na watu wamejenga ukingoni, nyumba za mawe zenye kuta nene zinazovuja umande. Katika korongo kubwa kuliko yote, upande usiofikiwa na jua la mchana, huota ua wanaloliita nyotamwamba. Si kubwa kuliko kifungo cha koti. Petali zake ni nyembamba sana, za zambarau iliyopauka, zimezunguka kitovu cha njano, na shina lake limejishika kwenye ufa ambao ukucha hauingii. Wavindo husema haliko penginepo duniani. Limechorwa kwenye stempu, kwenye milango, kwenye kofia za askari na kwenye vitambaa vya maharusi. Watu huapa kwa jina lake. Asubuhi wakikutana, mmoja huuliza, "Ni mangapi?" na mwenzake hujibu, "Arobaini na moja," kama sisi tunavyojibu salama.

Nilidhani ni desturi nzuri. Kwetu hakuna ua linaloulizwa hali.

Aliyenipokea alikuwa mjane wa makamo, Bi Turame. Alinikuta nimekaa juu ya mikeka yangu kwenye kivuli cha nyumba yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza kama nauza mikeka ile au nimeamua kuizeekea hapo hapo. Akacheka peke yake, akachukua mkeka mmoja kichwani na kuniambia nimfuate na iliyobaki.

Ni yeye aliyenieleza Sheria ya Uadimu. Zamani maua yale yalikuwa mengi, mbuzi waliyala na hakuna aliyegeuka kuyatazama. Siku moja akapita mgeni, akasema hajapata kuona kitu adimu namna ile. Neno hilo likawalewesha. Mfalme aliyekuwepo akaona kwamba kama uadimu ndio sifa, basi yakipungua sifa itapanda, akaamuru yabaki mashina mia tatu. Mwanawe akayafikisha mia moja. Mjukuu akayafikisha arobaini na moja, na kwa kazi hiyo amejengewa sanamu.

Sasa iko Wizara ya Uadimu, yenye jengo kubwa kuliko hospitali. Kazi yake ni kuhakikisha hayazidi. Kila ua likianza kulegea, ofisa huteremshwa kwa kamba akiwa na mkasi wa fedha, hulikata kabla halijakauka, lisije likazaa. Mche ukichipuka kwenye ufa mpya hung'olewa na kuchomwa, na majivu humwagwa mtoni mbele ya watu. Nilimuuliza Bi Turame itakuwaje shina moja likifa lenyewe. Alisema swali hilo liko kwenye kamati tangu babu yake akiwa hai.

Nilifikiri ananitania kwa kuwa mimi mgeni. Alipoona hivyo alininyooshea kidole ukutani. Palikuwa na cheti ndani ya fremu, chenye muhuri wa nchi na lile ua pembeni.

"Unajua kusoma?" aliniuliza.

Nilisema najua kidogo, niliishia darasa la tano. Akaniomba nimsomee. Alisema kimekaa pale miaka thelathini na hajawahi kujua kimeandikwa nini.

Nilikisoma polepole, kisha nikakisoma tena kimoyomoyo kuhakikisha sijakosea. Kilisema: "Turame binti Hasegu amefaulu mtihani wa kusahau. Amesahau vizuri sana."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Akanieleza bila haraka, huku anachambua mboga. Uvindo kila mwaka watoto arobaini na mmoja tu ndio huruhusiwa kujua kusoma, ili elimu isipoteze heshima yake. Mwaka wake walifaulu arobaini na wawili. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye orodha. Hakufukuzwa, Wavindo si watu wakali. Alipelekwa kwa Mwalimu wa Kusahaulisha, ambaye kwa miaka miwili alimfundisha kila herufi kwa jina lisilo lake, leo hivi, kesho vingine, mpaka akiona maandishi anaona sisimizi. Alikuwa na miaka tisa alipoanza.

"Kisome tena hapo mwisho," alisema.

"Amesahau vizuri sana."

Alitikisa kichwa, akarudi kwenye mboga. Mimi niliacha shule kwa sababu mama aliugua na hakukuwa na mwingine wa kumhudumia, na miaka yote nimeona aibu kwa hilo. Sikujua kwamba mahali fulani mtu anaweza kutolewa darasani kwa kosa la kufaulu.

Siku ya tatu alinipeleka nyuma ya nyumba. Pale maji ya kuoshea vyombo hutiririkia kwenye msingi, na ukuta una ufa. Aliondoa ungo mkuukuu ulioegemezwa pale, nami nikaona nyotamwamba. Lilikuwa na ua moja lililochanua, jipya kabisa, na kando yake kikonyo kingine kilichokwisha kauka, chenye kishungi cha nyuzi nyeupe laini.

Alisema hakulipanda. Liliota lenyewe. Labda mche mmoja uliwaponyoka miaka ya nyuma, labda upepo, hajui. Asubuhi aliondoa ungo lipate hewa, watu wakianza kupita alilifunika. Na lile ua la kwanza aliliacha likauke kwa makusudi, kwa sababu katika nchi nzima hakuna aliye hai aliyewahi kuona nyotamwamba likizeeka. Hata maofisa wenyewe hawajui mbegu yake ikoje. Wanawahi mno na mkasi.

Akanigusa begani. "Mwanangu, usimwambie mtu."

Nikamwambia mimi siongei na watu. Alicheka, akasema hilo amekwisha liona.

Siku ya nne nilifuatwa na askari wawili wa Wizara, wapole tu. Kila mgeni lazima aonyeshwe maua, ndiyo heshima ya nchi. Walinipeleka kwenye jukwaa lililojengwa ukingoni mwa korongo, lenye vyuma vya kushikilia. Kila shina lilikuwa na kibao chake cha shaba chenye jina la ukoo unaolimiliki, na vibao vilikuwa vikubwa kuliko maua, hata mengine huyaoni mpaka uiname. Nilihesabu pamoja nao, moja hadi arobaini na moja. Yalikuwa mazuri, sikatai. Lakini yalikuwa yamekaa mbali mbali sana, kila moja na kibao chake, na nyuki sikumwona hata mmoja.

Kisha nikaingizwa ofisini kwa karani, mwanamke mwenye miwani anayeitwa Hinyuro, ili niweke sahihi. Palikuwa na watu kama kumi wamesimama. Karani alishika kalamu, akauliza kwa sauti ya kazi:

"Umeona mangapi katika nchi yetu?"

Kwa nini sikusema kama kila mtu, mpaka leo sijui. Mtu akinitazama sana akili yangu hushika njia ya karibu tu, na njia ya karibu ilikuwa kujibu nilichoulizwa. Sikuulizwa nimeona mangapi kwenye korongo.

"Arobaini na mbili," nilisema.

Kalamu ilibaki hewani. Mtu nyuma yangu alifunga mlango. Mara ile ile nilielewa nilichofanya, nikasema nimekosea, ni arobaini na moja, nilihesabu moja mara mbili. Karani akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba kauli ya pili haiandikwi. Katika sheria yao, thamani ya neno hupimwa kwa uchache wake. Mwenyeji anayesema kutwa hawezi kuaminiwa kama mgeni, na mgeni anayesema sana hawezi kuaminiwa kama mgeni mnyamavu. Nami tangu niingie nchini nilikuwa nimesikika mara mbili tu mbele ya watu. Alisema hajawahi kupokea ushahidi mzito kama wangu.

Kabla ya jua kuzama walikuwa wamepita nyumba zote za ukingoni. Walimwondolea Bi Turame ungo wake.

Asubuhi yake Baraza lilikaa. Mimi nilikalishwa mbele, kwenye kiti cha shahidi chenye mto wa zambarau, nikaletewa maji mara tatu. Bi Turame alisimama upande wa pili. Hakunitazama kwa ubaya. Afadhali angenitazama kwa ubaya.

Nilitegemea kesi ya dakika tano. Walijadili tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mjumbe mmoja alisema ua lililonyweshwa maji ya masufuria haliwezi kuitwa nyotamwamba, kwa hiyo ni gugu, na gugu hung'olewa. Mwingine akamjibu kwa ukali kwamba ni nyotamwamba halisi, kwa hiyo limezidi, na lililozidi hung'olewa. Waliitana majina, wakavuana kofia. Waziri wa Uadimu, Bwana Mkeresa, mtu mnene mwenye sauti laini, aliwapongeza wote wawili, akasema nchi yenye pande mbili za mawazo ni nchi hai.

Mzee mmoja, Ndarwa, aliyekuwa na kioo cha kukuzia, aliomba kusema. Alisema ametazama kile kitovu cha njano kwa miaka mingi, na kila kitovu ni mamia ya maua madogo yaliyobanana. Kwa hesabu yake Uvindo ina maua elfu kadhaa na haijawahi kuwa na arobaini na moja hata siku moja. Ukumbi ulimzomea. Mjumbe wa nyuma alimwuliza kama nyumbani kwake pia ana wake mamia waliobanana. Walicheka sana. Kisha Waziri akaagiza kile kioo kichukuliwe, na kikachukuliwa.

Ndipo Bi Turame aliporuhusiwa kusema. Hakuinua sauti.

"Waheshimiwa, sikulipanda. Kama arobaini na mbili ni mengi, ng'oeni moja kati ya yale ya korongoni. Hili langu halijamvunjia mtu heshima."

Waziri alimjibu kwa huruma. "Mama, yale yana wenyewe."

"Na hili?"

Aliwatazama mmoja mmoja, wale wote waliofaulu na kuachwa wafaulu.

"Mlinitoa mimi nikiwa na miaka tisa, nikanyamaza. Nilidhani mmeshiba."

Waziri aliandika kitu. Ikaamuliwa ling'olewe, na kwa kuwa Wavindo si watu wakali, mama aruhusiwe kuling'oa kwa mkono wake mwenyewe.

Ningekuwa nimeondoka hapo, ningesema nimeona mabaya ya kutosha. Lakini kabla hatujasimama aliinuka mjumbe kijana, Bwana Pilusi, amevaa suti iliyonyooka. Alisema jambo la leo limemfungua macho. Mpaka lini watahangaika na arobaini na mbili, arobaini na tatu? Mfalme wa kwanza alipunguza, nchi ikapata sifa. Wa pili akapunguza, sifa zikaongezeka.

"Arobaini na moja ni adimu," alisema. "Moja ni adimu zaidi. Lakini niambieni, waheshimiwa, kuna kitu adimu kuliko kisichokuwepo?"

Nilisubiri wacheke. Walikuwa wamemcheka mzee wa watu kwa kusema alichokiona kwa kioo, nikajua huyu atachekwa mpaka akae. Badala yake nikamwona mama mmoja wa Baraza akifuta machozi. Kisha mtu akapiga makofi, na wote wakasimama, wakapiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Waziri pekee ndiye aliyeonekana na wasiwasi. Aliuliza Wizara yake italinda nini. Bwana Pilusi akasema italinda ule uadimu wenyewe, tena kwa raha, maana hautazidi kamwe. Waziri akatabasamu, akapiga makofi na yeye.

Sherehe ya kuyang'oa yote ikapangwa siku ya nne kutoka siku ile. Nilibaki nimekaa. Askari akanishika mkono kuninyanyua, akidhani nimeguswa na furaha.

Mchana tulikwenda nyuma ya nyumba, Bi Turame, mimi, na maofisa watatu wenye sanduku la kioo. Alipiga magoti. Alilegeza shina kwa kidole, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba, mpaka likatoka na mzizi wake mrefu mweupe. Ofisa alililaza kwenye sanduku likapelekwe kuchomwa. Kile kikonyo kikavu kilikatika kikaanguka kwenye matope. Ofisa mkubwa alikitazama, akasogeza kiatu chake safi, akasema, "Mama, fagia hapo, uchafu huo." Bi Turame akaitikia ndiyo. Akakiokota.

Walipoondoka sikuweza kuingia ndani. Nilisimama mlangoni. Yeye alikuwa jikoni. Aliuliza nimekula. Nikasema sijala. Akanipakulia, akanisogezea kigoda, na nilipokaa ndipo nikaweza kusema kwamba ni mimi niliyesema.

"Najua ni wewe," alisema. "Nani mwingine angelihesabu langu?"

Nikalia hapo, chakula mkononi. Aliniacha nilie, hakunibembeleza. Baadaye alichukua pembe ya kanga yangu, akaweka kile kishungi ndani yake, akafunga fundo mara mbili kama mtu anavyofunga kitu cha kutumwa.

"Mbegu hizi zipeleke mahali ambapo hazina heshima," alisema.

Niliondoka siku ya sherehe, kwa sababu ndiyo siku waliyokuwa na shughuli nyingi. Mikeka nilimwachia. Njia inapanda ukingo wa korongo mpaka kwenye kibanda cha mpakani, na muda wote nilisikia ngoma kutoka chini. Kila ngoma zilipokoma kidogo nilijua wameng'oa moja. Nilijikuta nahesabu. Nilipofika kibandani hesabu ilikuwa imefika kumi na saba.

Ofisa wa mpakani alikuwa peke yake, amekasirika kwa kukosa sherehe. Kibanda chake kimejengwa juu kabisa, na dirisha lake linatazama moja kwa moja ndani ya korongo. Upepo unapanda humo mchana kutwa. Kofia yake ilikuwa na nyotamwamba la uzi wa hariri, kazi nzuri sana, kila petali imeshonwa. Aliniuliza kama nimebeba kitu chochote adimu. Nilitazama sakafu. Akauliza lile fundo lina nini, akaniambia nifungue.

Fundo lilikuwa limekaza hata ikabidi anisaidie. Kishungi kilikuwa kimekwisha chambuka. Zile nyuzi nyeupe zilijitandaza juu ya meza yake, kila moja na kimbegu chake chembamba cheusi, na zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani.

"Nini hizi?"

Safari hii nilijua vizuri kabisa nilichoulizwa, na jibu lake nilikuwa nalo. Nikanyamaza.

"Manyoya ya kuku?"

Aliguna. Alisema wageni tuna tabia ya kutembea na takataka za makwetu na kuziangusha kwenye nchi za watu wenye heshima. Alijaribu kuzikusanya kwa kiganja, zikamkimbia. Basi akainama, akajaza mashavu, akapuliza.

Alipuliza kwa bidii, kama mtu anayependa meza safi. Zilizobaki kwenye nyufa za mbao alizifukuza kwa kofia yake, akazipeperusha mpaka dirishani, akatoa kichwa nje na kupuliza tena. Upepo wa korongo ukazipokea kutoka chini. Hazikuanguka. Zilipanda, zikatawanyika mbele ya ule ukuta wa jabali, nyingine zikavuka hadi ng'ambo, nyingine zikagusa mwamba na hazikuondoka tena.

Ofisa alikung'uta mikono, akanirudishia pembe ya kanga yangu, akasema sasa niko safi, nipite.

Ngoma zilikuwa bado zinalia kule chini, lakini nilikuwa nimeacha kuzifuatilia. Nilikuwa dirishani, nikijaribu kuhesabu zile mbegu, na nikashindwa.